Roboti 'amemuumiza' au 'imemuumiza'? Ngeli, dhima na kodi ya mitambo kazini

Tuchukue sentensi mbili. Ya kwanza: 'Roboti amemmwagia mhudumu supu ya moto.' Ya pili: 'Roboti imemmwagia mhudumu supu ya moto.' Mwalimu wa sarufi atakwambia kwamba tofauti ya sentensi hizi ni ngeli tu. Katika ya kwanza, roboti imewekwa kwenye ngeli ya A-WA, pamoja na mtu, mbuzi na samaki. Katika ya pili imo kwenye I-ZI, pamoja na meza, kalamu na baiskeli. Wakili naye atakwambia kwamba tofauti hiyo inaweza kugharimu mamilioni. Anayesema 'amemmwagia' ameshaanza, pengine bila kujua, kumsaka mkosaji ndani ya mtambo. Anayesema 'imemmwagia' anabaki na swali moja la kuuliza: roboti ya nani?

Matumizi yetu bado hayajatulia. Redioni na magazetini utakutana na 'roboti huyo' na 'roboti hiyo', wakati mwingine katika habari moja. Wenye mitambo nao wanatuvuta upande wa A-WA kwa kuipa majina ya watu. Mwaka wa 2024 mkahawa mmoja jijini Nairobi ulipoanza kutumia roboti kupeleka chakula mezani, mojawapo iliitwa Nadia. Ukishaambiwa jina ni Nadia, utasema vipi 'Nadia imeleta chai'? Ulimi wenyewe unakataa. Oktoba 2017, Saudi Arabia ilikwenda mbali zaidi ikatangaza kuipa uraia roboti iitwayo Sophia.

Mkazi wa Diani au Msambweni anaweza kusema mambo haya ni ya mbali. Hoteli za Diani bado zinaendeshwa na mikono ya watu: wapishi, watandika vitanda, wafagiaji wa ufuo. Miwa ya Ramisi bado inajulikana kwa panga. Hata hivyo, Kwale ni kaunti inayojua vizuri kinachotokea mishahara inapokatika ghafla. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na eneo zima likadorora. Desemba 2024, kampuni ya Base Titanium ilisimamisha uchimbaji wa madini yake Kwale baada ya miaka kama kumi na moja ya kazi. Mwenye duka wa Ukunda haulizi kama mshahara umeondolewa na mgodi kuisha au na mtambo mpya. Yeye anaona tu daftari la mkopo likijaa.

Na mahali pengine nchini suala hili limeshawaka moto, tena moto wa kweli. Mei 2023, wakazi wenye hasira kaunti ya Kericho waliteketeza mashine za kuchuma majani chai wakilalamika kwamba zimewanyang'anya kazi. Ni heri kulijadili jambo hili Pwani kabla kiberiti hakijatoka mfukoni. Maswali ni mawili. Mtambo ukimuumiza mtu, nani alipe? Na mtambo ukichukua nafasi ya mtu, kodi na michango aliyokuwa akiitoa mtu yule itoke wapi?

Tuanze na neno lenyewe. 'Roboti' lilizaliwa katika tamthilia ya Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, iliyochapishwa mwaka wa 1920. Chimbuko lake ni neno la Kicheki 'robota', yaani kazi ya kulazimishwa. Kiswahili kina neno lake la maana hiyo hiyo: shokoa. Kwa hivyo, kwa asili, roboti ni mtu wa shokoa.

Linganisha na 'kibarua'. Inaelezwa kwamba neno hili lilitokana na barua ndogo, yaani kijikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa kuthibitisha kwamba amefanya kazi. Katika karne ya 19, wengi wa vibarua wa Unguja na Mombasa walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao. Mtumwa alitoka jasho siku nzima, kisha sehemu ya ujira ikaishia kwa bwana. Katika ukanda wa pwani ya Kenya, utumwa uliondolewa kisheria mwaka wa 1907, na mapango ya Shimoni, huko huko Kwale, bado yanatukumbusha enzi hizo.

Zingatia kilichotokea hapo. Mtumwa ni neno la A-WA. Hakuna aliyewahi kusema 'mtumwa imekuja'. Lakini sheria za wakati ule zilimfanya mali. Leo tunaelekea upande wa pili: kitu kilicho mali tunataka kukifanya mtu. Makosa haya mawili yanaonekana kupingana, ila ukiyachunguza utaona yanamfaa mtu mmoja, mwenye mali. Zamani alipata ujira wa mtu asiyehesabiwa kuwa mtu. Kesho atapata faida ya mtambo, na mtambo ukiharibu atasema, 'Si mimi, ni yeye.'

Je, basi tukubaliane tu kwamba roboti iwe I-ZI na mjadala uishie hapo? Haitoshi, kwa sababu ngeli si sheria. Ng'ombe yumo katika A-WA, anatembea kwa hiari yake na hata ana ukaidi. Lakini akivuka boma kule Kinango akala mahindi ya jirani, hakuna atakayempeleka ng'ombe kwa chifu. Anayeitwa ni mwenye ng'ombe. Kampuni, kwa upande mwingine, imo katika I-ZI. Haina damu wala roho, lakini sheria inaitambua kama mtu: inashtaki, inashtakiwa, inafilisika. Kwa nini kampuni iwe mtu na ng'ombe asiwe? Kwa sababu kampuni ina akaunti ya benki, ina mali kwa jina lake na ina nambari ya Mamlaka ya Ushuru Kenya. Ukiishinda kesi, kuna mfuko wa kuingiza mkono. Ng'ombe hana mfuko. Roboti nayo haina.

Wazungu walipolijaribu jambo hili walikwama papo hapo. Februari 2017, Bunge la Ulaya lilipitisha azimio lililoitaka Tume ya Ulaya ifikirie, pamoja na njia nyingine, kuzipa roboti za hali ya juu hadhi ya 'mtu wa kielektroniki'. Mwaka uliofuata, wataalamu zaidi ya 150 walitia saini barua ya kupinga. Hofu kubwa ilikuwa kwamba mtengenezaji angejificha nyuma ya mtu huyo bandia. Pendekezo halikufika popote. Badala yake, Ulaya iliipanua sheria yake ya bidhaa mbovu mwaka wa 2024, ili hata programu ya kompyuta ihesabiwe kuwa bidhaa na mtengenezaji wake awajibike.

Turudi kwenye sarufi, maana hapa ndipo Kiswahili kina la kutufunza. Ajali moja ya kazini inaweza kuelezwa kwa namna nne, na kila namna inaliweka jukumu mahali tofauti.

Kwanza, kauli ya kutenda: 'Mashine imemkata mkono.' Hapa mtenda ni mashine. Pili, kauli ya kutendwa, ambayo ina milango miwili. Ukisema 'amekatwa na mashine', 'na' inaitaja mashine kama mtenda. Ukisema 'amekatwa kwa mashine', 'kwa' inaitaja kama kitumizi, na msikilizaji lazima aulize ni nani aliyeitumia. Tatu, kauli ya kutendeka: 'Mkono umekatika.' Hapa mtenda ametoweka kabisa, kana kwamba mkono ulijikalia tu ukaamua kuachana na mwili. Nne, kirejeshi '-ji-': 'Mtambo ulijiendesha', 'roboti ilijiamulia'. Hii ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa inaondoa jukumu kwa mwenye mtambo na kulipachika kwenye chuma.

Usidhani hizi ni porojo za darasani. Ajali inapotokea kuna fomu hujazwa, na mwajiri hutakiwa kuripoti ajali hiyo kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini ndani ya siku saba. Aghalabu anayeijaza ni msimamizi, naye mwenye mkono yuko hospitalini. 'Mkono ulikatika' ni maneno mawili tu, lakini yameshafuta nusu ya maswali ambayo wakili angeuliza.

Ni kweli kwamba watu husema 'aligongwa na gari', si 'kwa gari', na hakuna anayewasahihisha. Lakini polisi akifika pale barabarani kati ya Likoni na Ukunda hafungi gari pingu. Anauliza, 'Gari ya nani hii? Dereva yuko wapi? Bima iko?' Lugha ya mtaani imelifanya gari mtenda. Sheria imekataa kudanganyika. Roboti inastahili kuulizwa maswali yale yale.

Sheria za Kenya zinasemaje? Ni muhimu kutenganisha maneno mawili: hatia na dhima. Hatia ni ya aliyekosa. Dhima ni wajibu wa kulipa, hata pale ambapo hujakosa. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo wafanyakazi huijua kwa jina la WIBA, imejengwa juu ya dhima. Mfanyakazi akiumia akiwa kazini, mwajiri hulipa bila mfanyakazi kuthibitisha uzembe, na kila mwajiri anatakiwa kuwa na bima ya kazi hiyo. Anayepata ulemavu wa kudumu wa asilimia 100 hulipwa mapato ya miezi 96. Kwa anayepokea Sh20,000 kwa mwezi, hiyo ni Sh1,920,000. Desemba 2019 Mahakama ya Juu iliidhinisha utaratibu huo wa madai kupitia kwa mkurugenzi badala ya kukimbilia mahakamani kwanza.

Kwa hivyo mhudumu aliyeajiriwa akimwagiwa supu na roboti ya hoteli, jibu lipo tayari. Mwajiri analipa. Haijalishi roboti 'ilijiamulia' au haikujiamulia.

Tatizo linaanza nje ya mlango wa ajira. Tuseme mtambo wa kubeba mizigo unatoka hotelini kuelekea ufuoni, unamgonga muuza madafu na kumvunja mguu. Yeye si mwajiriwa wa mtu, kwa hivyo WIBA haimhusu. Lazima athibitishe uzembe mahakamani. Uzembe wa nani? Hoteli itasema imeukodi mtambo. Aliyeukodisha atasema anauza tu vya watu. Mtengenezaji yuko ng'ambo na atasema mtambo ulipotoka kiwandani haukuwa na hitilafu. Umejifunza njia mbaya hapo hapo Diani. Kila mmoja ananawa mikono, na muuza madafu amelala na mguu wenye plasta.

Hali yake inafanana na ya kibarua aliyeletwa na wakala. Hoteli inasema, 'Huyu si wetu, ni wa wakala.' Wakala anasema, 'Amri alipewa na hoteli.' Na sheria ya usalama kazini ya 2007, japo inataka sehemu hatari za mtambo zizingirwe, inafaa zaidi kwa mashine iliyofungwa sakafuni. Utaizingira vipi roboti inayopita katikati ya meza?

Marekani ililionja jambo hili mapema. Mwaka wa 1979, mfanyakazi wa kiwanda cha Ford kilichoko Flat Rock, jimbo la Michigan, aliuawa na mtambo wa kuchukua vyuma ghalani. Baadaye mahakama iliamua kampuni iliyoutengeneza mtambo huo iwalipe jamaa zake dola milioni 10. Jamaa hao waliweza kumfikia mtengenezaji kwa sababu alikuwa nchini mwao. Familia ya Msambweni itamfikiaje mtengenezaji aliye bara jingine?

Jibu la busara, kwa maoni yangu, tunalo barabarani. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inamlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya watu wengine kabla gurudumu halijaingia lamini. Roboti yoyote inayofanya kazi palipo na watu inafaa iwekewe sharti kama hilo. Aliyeumia alipwe na mwenye kuitumia na bima yake. Kisha hao, walio na mawakili na mikataba, wamgeukie mtengenezaji wakitaka. Na kumbukumbu za mtambo, yaani ulikwenda wapi na uliamriwa nini, zihifadhiwe na zitolewe kwa aliyeumia. Bila hizo, atathibitisha nini?

Msingi wa hoja hii si mgeni Pwani. Katika fikihi ya Kiislamu ipo kanuni kongwe kwamba mapato huambatana na dhamana: mwenye kula faida ya kitu ndiye abebaye hasara yake. Wahenga nao walitutahadharisha kwamba mla nawe hafi nawe. Kazi ya sheria ni kuhakikisha anayekula faida habanduki ajali ikitokea.

Sasa tuje kwenye kodi. Mwaka wa 2017 Bill Gates alisema kwamba roboti ikichukua kazi ya mtu, itozwe kodi inayokaribia ile ya mtu huyo. Watu wakaanza kuzungumzia 'kodi ya roboti'. Kirai hiki kina utata katika Kiswahili. 'Kodi' ni malipo kwa serikali, na pia ni malipo ya kupanga nyumba au kukodi kitu. 'Kodi ya roboti' inaweza kuwa pesa za kuikodi. Na hata katika maana ya kwanza, 'ya' ya a-unganifu haituambii kama roboti ndiyo mlipaji au ndiyo sababu ya kulipa. Roboti haiwezi kuwa mlipaji, kwa kuwa tumeshaona haina mfuko. Swali la kweli ni mwenyewe alipe kiasi gani.

Tupige hesabu ndogo. Mhudumu wa mshahara wa Sh20,000 hafikiwi na PAYE, kwa kuwa yuko chini ya Sh24,000. Lakini bima ya afya ya SHIF inamkata asilimia 2.75, yaani Sh550. Ada ya nyumba inamkata Sh300 na mwajiri anaongeza Sh300 nyingine. Mwajiri pia hutoa Sh50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, za mafunzo ya kazi chini ya NITA. Jumla ni Sh1,200, bila kuhesabu akiba ya NSSF. Ukiwaondoa wahudumu 100, Sh120,000 zinakatika kila mwezi. Hapo hatujataja ujira wenyewe wa Sh2,000,000 ambao haufiki tena sokoni.

Upande wa pili wa daftari, sheria ya kodi ya mapato humpa nafuu anayenunua mtambo. Tangu marekebisho ya 2020, mashine ya kiwandani huruhusu mwenyewe kupunguza nusu ya bei yake katika mapato yanayotozwa kodi, mwaka wa kwanza tu. Kompyuta hupunguzwa asilimia 25 kwa mwaka, na mashine nyinginezo asilimia 10. Ona nguvu ya jina! Mtambo ule ule, ukiitwa mashine ya uzalishaji, kompyuta, au mashine nyingine, unampa mwenyewe nafuu tofauti. Kwa lugha ya mtaani: ukimwajiri mtu unaongezewa ada, ukinunua chuma unapewa punguzo.

Ndiyo maana naona kutunga ushuru mpya uitwao 'wa roboti' ni kujitafutia kesi. Roboti ni nini? Mashine ya kufulia nguo ni roboti? Programu inayopokea maombi ya vyumba haina mikono wala magurudumu, lakini imeondoa watu wa mapokezi. Ukilitoza jina, mfanyabiashara atalibadilisha jina. Kesho roboti itaitwa 'toroli la betri'. Korea Kusini ilichagua njia nyingine: mwaka wa 2017 ilitangaza mpango wa kuzipunguzia kampuni nafuu ya kodi kwa uwekezaji wa mitambo ya kujiendesha. Hapo hutozi jina. Unapunguza tu upendeleo.

Wapo watakaosema tukifanya hivyo tutawafukuza wawekezaji. Hofu yao ina uzito, tena kuna kazi ambazo mtambo ni rehema. Kule Kerala, India, wahandisi wamebuni roboti ya kukwea minazi. Mkwezi wa Msambweni huhatarisha uti wa mgongo wake kila siku kwa malipo madogo. Tukiutoza mtambo kama huo kodi nzito mno, tutakuwa tumemlinda mkwezi aendelee kuanguka. Kwa hivyo nafuu ibaki pale ambapo mtambo unaondoa hatari, na ipungue pale ambapo unaondoa mshahara tu.

Kisha ile Sh50 ya mafunzo itazamwe upya. Inahesabiwa kwa vichwa. Kadiri kampuni inavyopunguza watu, ndivyo inavyochangia kidogo, wakati ule ule ambapo walioachishwa wanahitaji kufunzwa kazi nyingine. Sheria ya Ajira ya 2007 inawapa walioondolewa notisi ya mwezi na malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka waliotumika. Kwa aliyefanya kazi miaka minne, hiyo ni mishahara ya miezi miwili. Mtu hawezi kujifunza ufundi mpya, alipe karo na alishe watoto kwa mishahara ya miezi miwili. Mchango huo ungefaa ufuate mapato ya kampuni badala ya idadi ya vichwa.

Nasi watumiaji wa lugha tuna sehemu yetu. Katika mikataba, fomu za ajali na taarifa za habari, tuiweke roboti katika I-ZI hata kama imepewa jina la binti. Tutenganishe 'hatia' na 'dhima', maana anayetakiwa kulipa si lazima awe amekosa. Na tuihofu kauli ya kutendeka pale mtu anapoumia. Msimamizi akiandika 'mkono ulikatika', kiongozi wa chama cha wafanyakazi asitie saini hadi fomu iseme ulikatwa kwa mtambo gani, wa nani, ukiwa chini ya usimamizi wa nani, na bima yake ni ipi.